Nilivyothibitisha Daraja la Kamwiru

Watu wengine hustaafu kwa barua, chai ya maziwa na saa ya kutundika ukutani. Mimi nilistaafishwa na mlolongo wa wapiga kura asubuhi moja katika uwanja wa shule, na kufikia saa nane nilikuwa nyumbani napalilia kahawa. Sasa madiwani wapya wa upande wetu wa Runyenjes wameniomba niwaandikie machache kuhusu kazi, eti mimi ni mkongwe. Nimekubali, maana msimu wa kuchuma umekwisha na mke wangu amechoka kunisikiliza. Wasitarajie niwaeleze nilivyopanda vyeo. Nitawaeleza habari ya daraja moja, kwa sababu kazi yangu yote ukiikamua, kinachobaki ni hilo.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi karibu na Kianjokoma nilipochaguliwa diwani. Siku ya kwanza kwenda kwenye halmashauri nilivaa suti yangu ya harusi, ambayo ilikuwa imenikataa mabegani, nikapata lifti nyuma ya pikapu ya kabichi. Nikaingia ukumbini na jani la kabichi kwenye kola. Waheshimiwa wote wakanisalimu kwa mkono, wakanitakia heri, na hakuna hata mmoja aliyesema neno. Aliyelitoa jani ni karani wa halmashauri, Bwana M'Ikiara, mtu wa Meru, mrefu na mkimya, ambaye miwani yake ilikaa nchani mwa pua siku zote. Alilichukua kwa vidole viwili, akaliweka kwenye kisahani cha chai yangu.

"Diwani," akasema, "mboga ni saa saba."

Huyo ndiye alinifundisha kazi. Mimi Muembu na yeye Mmeru, tulielewana kwa lugha zetu za nyumbani mradi mazungumzo yawe ya mvua na mahindi; tukianza kubishana tulihamia Kiswahili, kila mtu apate pa kusimama. Aliniambia nibebe kalamu mbili kila mkutano, kwa kuwa ya kwanza ataiazima diwani mwenzangu na sitaiona tena. Aliniambia nikae karibu na dirisha, mbali na jikoni. Alinionyesha mashine yake ya taipu, karatasi za nta alizokatia kumbukumbu za mikutano, na roli ya wino iliyomchafua mikono mpaka kwenye viwiko. "Hotuba ni ya kuwafurahisha wageni," alisema. "Kazi ya diwani ni hizi kumbukumbu. Zisome kabla hujazithibitisha. Mtu akishathibitisha, hata Mungu akija atasomewa kilichoandikwa."

Nilicheka. Nilikuwa kijana, na niliamini kazi yangu ilikuwa kusema.

Wadi yangu ilikatwa katikati na mto Kamwiru. Shule ilikuwa ng'ambo moja, na nusu ya watoto walikaa ng'ambo ya pili. Daraja halikuwapo. Pale kivukoni aliishi mama mmoja mjane, jina lake Ciambaka, na mvua za Aprili zikianza yeye ndiye aliyekuwa daraja. Alifunga kamba ya katani kutoka mti mmoja hadi mwingine wa ng'ambo, akaingia majini mpaka kiunoni, akawavusha watoto mmoja mmoja wakiwa wamejitwika mikoba ya vitabu kichwani. Asubuhi kuwapeleka, jioni kuwarudisha. Hakuna aliyemwandika kazi hiyo na hakuna aliyemlipa. Nilipokwenda kumwomba kura, nilimkuta anakausha leso yake motoni. Nikatoa fulana ya kampeni.

"Mwalimu, fulana yako baki nayo," akaniambia. "Mimi nataka asubuhi moja tu nikae kwangu ninywe uji ukiwa moto, kama wanawake wengine."

Nikamwahidi daraja. Kusema kweli niliwaahidi watu mambo mengi, lakini hilo nililisema nikimwangalia machoni, na lilinikaa.

Hoja yangu ya kwanza katika halmashauri ilikuwa ya daraja la Kamwiru, na ilipita bila upinzani. Ikapelekwa kwa kamati ya kazi, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Mzee Ngari. Hapa lazima nieleze, maana vijana wa siku hizi wanaanza kusahau. Mzee Ngari alitahiriwa pamoja na baba yangu. Kwetu, mtu wa rika la baba yako ni baba yako. Humwiti kwa jina lake tupu, humkalii kiti chake, na zaidi ya yote humwambii mbele za watu kwamba asemalo si kweli. Ukifanya hivyo si yeye tu umemtukana; umewatukana wazee wote wa rika lile, na baba yako mzazi yumo. Nililelewa hivyo, na sijutii malezi yangu.

Lori likashusha mawe kivukoni, na magogo manne makubwa. Ciambaka akaja mwenyewe mpaka shuleni kuniambia, anacheka. Wiki zikapita, fundi haonekani. Mwisho wa mwaka ukakaribia, na idara ya kazi ilitaka mafaili yafungwe. Siku hiyo tukaketi mkutanoni, M'Ikiara akasoma kumbukumbu kwa sauti yake ileile ya kusomea kila kitu, mpaka akafika hapa: "Mwenyekiti wa kamati ya kazi aliarifu kwamba daraja la Kamwiru limekamilika na linatumika."

Akanyamaza. Akainua macho juu ya miwani, akaniangalia mimi. Ukumbi mzima ulijua ile wadi ni ya nani.

Mzee Ngari aliketi mbele yangu. Hakugeuka. Akasema polepole kwa Kiembu, "Mwana wangu, mawe si yapo pale? Fundi atakuja wiki mbili zijazo. Faili likifungwa leo, hakuna atakayeulizwa."

Mwenyekiti wa halmashauri akauliza, "Nani anathibitisha kwamba kumbukumbu hizi ni za kweli?"

Kulikuwa na harufu ya mandazi. Madiwani wawili walikwisha kusogeza viti nyuma. Nikasema, "Nathibitisha, Bwana Mwenyekiti." Mikono ya kuniunga mkono ilikuwa mingi kama ya watoto wanaoomba kwenda nje. M'Ikiara akaandika jina langu, akalipiga mstari kwa rula.

Fundi hakuja. Mvua ilikuja. Magogo yakaenda na maji, na mawe watu wakayachukua moja moja kuwekea misingi ya mazizi. Jiwe lisilo na mwenyewe kwetu halikai. Mzee Ngari akashindwa kwenye uchaguzi uliofuata. Mimi nikarudi, nikaanza safari ya kutafuta daraja ambalo kwenye faili lilikuwa limesimama. Nilipoandika kuomba lijengwe, nilijibiwa lipo. Nikafikiri niwe mjanja: nikaomba ukarabati. Nikajibiwa kwa adabu kwamba daraja bado jipya, halihitaji ukarabati kwa sasa.

Ningeweza kusimama mkutanoni nikasema, jamani, niliidhinisha uongo. Sikusema. Nilijiambia namlinda mzee. Na kweli nilikuwa namlinda mzee, lakini hata mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya koti lake, na nilijua.

Mwaka baada ya mwaka Ciambaka aliingia majini. Watoto aliowavusha wakaoa, wakazaa, akavusha watoto wao. Kila nilipopita aliniuliza, "Mwalimu, daraja limefika wapi?" Nami nilijibu, "Liko njiani, mama." Alikuwa na njia ya kuniangalia kisha kurudi kwenye shughuli zake, na ilinichoma kuliko matusi.

Baadaye nikagombea ubunge na nikapita. Sitasema mengi. Nakumbuka siku ya kwanza Bungeni nilipotea nikitafuta choo, nikaingia chumba cha mawaziri, nikapewa chai kwa heshima na nikainywa yote kabla hawajagundua. Nakumbuka zulia, na jinsi viatu vyangu vya Runyenjes vilivyoacha vumbi jekundu juu yake. Niliporudi nyumbani mwisho wa wiki, wanawake wa soko walinipigia vigelegele, na moyo wangu ulijaa. Siku hizo nazikumbuka kwa mapenzi, siwezi kukataa. Ulikuwa unashuka gari, mtu anakushika mkono na kukueleza shida yake mpaka mwisho, na unajihisi unahitajika duniani.

Ciambaka hakupiga vigelegele. Alingoja watu wapungue. Nywele zake zilikuwa zimegeuka nyeupe.

"Sasa wewe ni Mheshimiwa," akasema. "Basi waulize hao wakubwa. Mimi ninazeeka na mto hauzeeki. Magoti yangu yakiingia ile maji siku hizi, hayataki kutoka."

Nikauliza. Niliandika swali kwa Waziri: ni lini Serikali itajenga daraja la mto Kamwiru? Nilijidanganya kwamba karatasi za halmashauri hazijafika Nairobi. Wenzangu, karatasi husafiri kuliko watu. Waziri Msaidizi alisimama, akafungua faili, akasoma kwa furaha ya mtu aliyepewa swali rahisi.

"Bwana Spika, daraja hilo lilikamilika na linatumika. Kumbukumbu za halmashauri zinaonyesha hivyo, na zilithibitishwa na diwani wa wadi hiyo." Akageuza ukurasa. "Ambaye, Bwana Spika, ni Mheshimiwa aliyeuliza swali."

Bunge lilicheka mpaka Spika akagonga meza. Nikapewa nafasi ya kuuliza swali la nyongeza. Nilisimama, nikafungua mdomo, nikasema, "Asante, Bwana Spika," nikaketi. Nikawa nimethibitisha mara ya pili.

Mbunge mmoja wa Meru alinikuta nje, akaniambia nisijali, Bunge lina usahaulifu. Alisema kweli. Wiki iliyofuata walikuwa wanamcheka mwingine. Nami nikapanga kwamba uchaguzi ukishapita nitatafuta njia ya kulisahihisha jambo lile kimyakimya. Na hilo ndilo kosa ninalotaka mlijue, zaidi ya lile la kwanza. Lile la kwanza nilikuwa kijana na kulikuwa na mandazi.

Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Asubuhi moja mikono ya Ciambaka ilishindwa. Msichana wa darasa la nne alimponyoka, mto ukambeba. Vijana waliokuwa wakikata nyasi za ng'ombe walimkimbilia kandokando, wakamtoa chini sana kwenye mawe, mzima, ila mguu umevunjika. Nilipata habari kwa simu ya posta, nikashuka nyumbani siku hiyohiyo. Nilimkuta Ciambaka amekaa mlangoni pake, leso haijakauka.

"Nilimwachilia," akasema. "Miaka yote sijaachilia mtoto."

Nilikaa naye pale chini nikiwa na suti ya Bunge, na nililia, na sioni haya kuandika hivyo. Kisha nikamwambia. Nikamweleza habari ya mkutano, ya kumbukumbu, ya jina langu na mstari wa rula. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe ulikuwa unajua," akasema. Akaingia ndani akafunga mlango.

Nilikwenda moja kwa moja mpaka Meru kumtafuta M'Ikiara. Alikuwa amestaafu, anakaa nyuma ya mji na migomba yake. Aliniwekea kiti, akamwita mjukuu alete chai. Hakushangaa hata kidogo.

"Siku ile nilikuangalia, Diwani," akasema. Bado aliniita Diwani. "Nilihesabu mpaka kumi kabla ya kuandika jina lako. Karani haruhusiwi kufanya zaidi ya hapo."

"Sasa nifanye nini?"

"Kumbukumbu mbovu hurekebishwa na yule aliyezithibitisha, akiwa hai. Huna haja ya wakili. Bunge lenu lina nafasi ya mtu kusimama akasema jambo lake mwenyewe. Lakini usianzie Nairobi. Kuna mzee lazima umwone kwanza."

Nilijua ni nani. Nikanunua blanketi na kilo mbili za sukari, maana mkono mtupu haulambwi, nikaenda kwa Mzee Ngari. Alikuwa kipofu wa jicho moja, ameketi juani kwenye ngozi ya mbuzi. Nikasalimu kama mwana anavyosalimu, nikamweleza ninalotaka kusema mbele ya nchi nzima, na kwamba jina lake litatajwa. Nikamwomba ruhusa. Nilitarajia laana, na nilikuwa tayari kuichukua.

Alilikunja blanketi lile magotini.

"Nimekungoja sana," akasema. "Ile siku nilisema vile kwa sababu niliona aibu, fundi alikuwa amenidanganya. Nikajua yule mwana wa rafiki yangu amesoma, ni mwalimu, hatakubali. Nikajua utakuja kwangu jioni uniambie, baba, hii haifai, tuibadilishe. Sikulala nikikungoja. Hukuja."

"Nilikuwa nakuheshimu, baba."

"Mwana huheshimu baba kwa kumwambia nyumbani," akasema Mzee Ngari. "Nani alikufundisha kwamba ni kwa kunyamaza? Nenda ukaseme. Na jina langu uliseme vizuri, lisikike."

Basi wiki ile nikasimama Bungeni. Nilisema maneno machache: kwamba daraja la Kamwiru halipo na halijawahi kuwapo, kwamba mimi, nikijua, nilithibitisha kuwa lipo, kwamba Waziri Msaidizi alisoma sawasawa kilichoandikwa na mwongo nilikuwa mimi, na kwamba mtoto amevunjika mguu kwa sababu yangu. Nikamtaja Mzee Ngari kama alivyotaka. Hawakucheka. Ingekuwa rahisi zaidi kama wangecheka. Yule Waziri Msaidizi alinifuata baadaye, akasema faili litafunguliwa upya, na kusema haki, alitimiza.

Mafundi walikuwa bado wanamwaga zege uchaguzi ulipofika. Mpinzani wangu hakuhitaji sera. Alisimama kila soko akauliza watu wangapi wanataka daraja la karatasi. Siku hiyo ya mlolongo, wapiga kura walijipanga nyuma ya picha zetu hadharani, kila mtu anaona mwenzake. Mlolongo wangu uliishia kwenye nguzo ya goli. Wa mwenzangu ulipita goli, ukazunguka madarasa, ukapinda nyuma ya choo cha shule. Na katika ule mrefu, karibu na mbele, nilimwona Ciambaka amesimama na fimbo yake. Aliniona. Hakuangalia kando. Iliniuma, nami nikarudi nyumbani nikachukua jembe.

Siku ya kufungua daraja sikualikwa rasmi, lakini nani hualikwa rasmi kwenda mtoni? Nilikwenda kwa miguu, nikasimama nyuma pamoja na wakulima. Mbunge mpya alikuwa na mkasi, utepe umefungwa, chifu ameshika kipaza sauti, watoto wa shule wamepangwa kwa darasa. Daraja lilikuwa zuri. Nguzo za zege, mbao nene zilizopigwa misumari mipya, na maji ya Kamwiru yakipita chini yake bila kugusa mtu. Yule msichana alikuwa mbele na wenzake, anachechemea kidogo.

Utepe ukakatwa, makofi yakapigwa. Mbunge akainua mguu ili awe wa kwanza kuvuka.

"Ngoja," ikasikika sauti. Ciambaka alikuwa amekuja mbele na fimbo yake. Chifu akajaribu kumrudisha, mama akausukuma mkono wake kando. Akageuka akatafuta kwenye umati mpaka akanipata.

"Mwalimu, kuja hapa."

Watu wakanifungulia njia. Mbunge alibaki ameshika mkasi, hajui aweke mguu wapi.

"Wewe ndiye ulisema iko," Ciambaka akaniambia, sauti yake haikupanda. "Basi ipite wewe kwanza, tuone."

Nikapanda. Nikatembea polepole kutoka mwanzo hadi mwisho, nikikanyaga kila ubao na kuuangalia kabla ya kukanyaga unaofuata. Nilipofika ng'ambo nikageuka. Nikamwambia, kwa sauti ya kusikika na wote, kwamba lipo.

Ndipo akawaruhusu watoto.